Kimchezo cha Ndugu Katibu

Sehemu ya Saba

Haya, sogeeni. Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Twalibu ameinama chini ya benchi lake pale Kanyenye, makalio juu, kichwa ndani ya boksi la redio, anapapasa. Na boksi tupu.

Tupu kabisa, wajukuu zangu. Kimchezo hakipo.

"Mama Tatu!" akapiga ukelele kutoka humo humo bokisini. "Mama Tatu weee! Nimeibiwa!"

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita usihangaike, nakueleza haraka haraka. Kimchezo chenyewe ni kidude cha kutoka Japani, ukubwa wake kama kopo la samaki. Katikati kina kioo, na ndani ya kioo kuna vijitu viwili vinapigana ngumi. Ubavuni vinatoka vishikio viwili vyenye waya. Wewe unashika chako, mwenzio anashika chake, mnabonyeza vitufe, vijitu vinatwangana. Basi, ndiyo hivyo tu. Lakini watu wazima na ndevu zao wanakigombea.

Mwenye nacho ni Ndugu Anselm, katibu wa Ushirika wa Mafundi. Alipelekwa huko kusoma miezi tisa, akarudi nacho, kikafa. Fundi Raymundi wa Mtendeni, mwenye cheti cha ukutani na kalamu mbili mfukoni, akakifungua, akakifunga, akasema hakiponi. Ndipo Ndugu Anselm akamwendea Twalibu.

"Mzee, wewe huna cheti," alimwambia, "na kwenye kitabu cha ushirika imebaki nafasi moja tu. Kifufue hiki mpaka Ijumaa saa tisa. Kikisimama, naandika jina."

Na lisipoandikwa? Mlikuwepo mwaka ule wa Nguvu Kazi au hamkuwepo? Mtu wa mjini asiye na karatasi ya kazi alihesabiwa mzururaji, na lori la mashamba ya tumbaku ya Urambo lilikuwa linaondoka Jumamosi asubuhi. Twalibu ana miaka hamsini na nane. Ametengeneza redio tangu zile za taa, kubwa kama kabati la nguo. Jembe mara ya mwisho kulishika ni kabla ya uhuru, na hata siku hiyo lilimkata kidole.

Sasa leo ndiyo Ijumaa. Saa tano.

Mwanajuma, mkewe, akatokea mlango wa uani.

"Umeibiwa nini tena, Baba Tatu? Kama ni bisibisi, umeichomeka sikioni."

"Kimchezo! Kimchezo cha katibu hakipo!"

"Aa, kile." Akapangusa mikono kwenye kanga yake. "Nimekianika."

Twalibu akatoka bokisini taratibu, kama mtu anayeogopa kugonga kichwa, na bado akakigonga.

"Umekifanya nini?"

"Nimekianika. Juu ya bati la jiko, pamoja na betri zako za redio. Tangu saa tatu. Si ulilala unalalamika kimezimia? Wewe mwenyewe, miaka thelathini unaniambia, Mama Tatu, betri ikizimia, anika. Haya, nimeanika."

Jamani, msimcheke. Nani Tabora nzima hakuanika betri mwaka ule? Dukani unaambiwa zinakuja kesho, kesho yenyewe miezi mitatu. Ukitazama juu ya mabati ya Kanyenye asubuhi unaona betri zimelala mistari mistari zinaota jua, zikipata pumzi kidogo taarifa ya habari inasikika siku mbili. Mwanamke alifanya kazi ya nyumba, kama kugeuza mihogo.

Lakini kimchezo si mhogo.

Twalibu akapindua kinu, akapanda, akanyoosha mkono batini. Kidude kilikuwa cha moto kama chapati. Akakidaka, akakirusha mkono huu, akakidaka mkono ule, akashuka nacho akipuliza vidole.

Kioo cheusi.

Si cheusi cha kuzimika, la. Cheusi cha tako la sufuria. Vijitu havipo, mwanga haupo, hakuna hata mstari.

"Ya Rabi," akasema.

Na lile koti la ngozi ya mbuzi alilokishonea kwa siku mbili, lenye matundu mazuri kama koti la redio, lilikuwa limejikunja kama sikio la mbwa. Mwanzi aliokitengenezea pembeni, ndani yake imelala betri kubwa ya tochi badala ya vile vibetri vya Japani vya mfano wa kifungo cha shati, umepasuka. Na kutoka kwenye vishikio, wajukuu zangu, kulikuwa kunachuruzika kitu cha njano. Kinanukia vizuri tu.

"Nta," akasema Twalibu.

"Nta imefanya nini?"

"Imeyeyuka! Imeingia kwenye vitufe, mwanamke! Nilishikiza nyaya kwa nta ya nyuki, risasi ya kuchomelea imeniishia tangu mwezi wa pili, ningefanyaje? Sasa imeingia yote ndani!"

Mwanajuma akamtazama.

"Kwani kati yangu mimi na wewe, nani aliyetia nta kwenye kitu cha umeme?"

Swali hilo mkamwulize Twalibu. Mimi simo.

Wakati wamesimama hivyo, kengele ya baiskeli ikalia mlangoni. Kring kring. Nani? Fundi Raymundi. Viatu vimepakwa rangi vinameta, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo.

"Shikamoo mzee Twalibu. Nilikuwa napita tu."

"Marahaba. Pita basi."

Hakupita. Akanyoosha shingo, akakiona. Akacheka mpaka akashika usukani.

"Mzee! Umekichoma mkaa?"

"Kimepata joto kidogo."

"Joto kidogo! Hicho kioo ndani kina maji yake, yameshaungua hayo, hayarudi. Tulifundishwa chuoni." Akatoa sigara ya mwisho kwenye pakiti, akaiwasha, pakiti akaitupa pale pale kizingitini kama vile pana jalala. "Mimi nakuonea huruma. Ndugu katibu ana kazi nyingi, nitamwambia asisubiri saa tisa. Aje saa nane ajionee. Ile nafasi nina shemeji yangu ana cheti, amekaa nyumbani bure."

"Raymundi, kijana wangu, tuliahidiana saa tisa."

"Uliahidiana na katibu, mzee, hukuahidiana na mimi. Huko Urambo wanasema mvua zimeanza vizuri."

Kring kring, huyoo.

Twalibu akakaa chini. Si kwenye kigoda, chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mtoto. Hasira ilimjaa mpaka kwenye kucha, na hajui aimwage wapi. Risasi hakuna. Mpira hakuna. Betri hakuna. Umeme wenyewe unakuja ukipenda. Mtu unatengeneza redio za watu miaka thelathini na mitano, hakuna aliyekuuliza cheti, redio inaimba anakwenda zake anafurahi. Leo anakuja kijana na karatasi. Babu yake Twalibu mzaa baba aliipita njia ile ya Urambo kwa miguu, na pembe ya ndovu begani, akielekea Ujiji. Yeye ataipita kwa lori, na jembe.

"Tena sasa hivi watu watapanga foleni kuniaga," akasema.

"Nyamaza," akasema Mwanajuma. "Lete hicho."

"Unakipeleka wapi tena? Umekimaliza, unataka kukizika?"

"Mtu akizimia na jua unamfanyaje? Unamweka kivulini, karibu na maji. Basi."

"Usikimwagie maji!"

"Nina wazimu mimi?"

Akakifunga kwenye kanga kavu, kimchezo na vishikio vyake, akakisokomeza katikati ya mitungi miwili ya maji kule pembeni mwa chumba, mahali ambapo hata mchana wa jua kali ukitia mkono unasisimka. Halafu akaenda kuchambua mchele kana kwamba hakuna neno.

Twalibu alikwenda kukichungulia mara saba. Mara ya saba akapiga yowe.

"Mama Tatu! Njoo! Kinapambazuka!"

Kweli. Ule weusi ulikuwa unakimbia kwenye kona za kioo, ukawa kijivu, ukawa kama maji ya mchele, na katikati, vuuu, vijitu viwili hivi hapa, ngumi juu. Chuo cha Raymundi hakikufundisha hilo, au lilifundishwa siku ambayo hakwenda. Twalibu akabadilisha mwanzi, akaifunga ile betri iliyoota jua, kimchezo kikalia *pip*.

Alicheka mpaka machozi. Akakamata kishikio, akabonyeza.

Kijitu kimya.

Akabonyeza tena. Kitufe hakishuki. Kishikio cha pili, hivyo hivyo. Nta imeganda ndani, imeshika kama saruji.

"Lo!" Akakifungua kishikio kwa bisibisi. Chini ya kila kitufe kuna kijipira kidogo, chembamba kama ganda la dengu, chenye weusi wake unaokutanisha umeme. Twalibu akaingiza kidole kukibandua. Kidole chenyewe mnakijua, kidole cha mtu aliyebeba maredio. Kijipira kikachanika, *tasi*, vipande viwili. Cha pili kikachanika. Akavuta cha tatu kwa meno.

Hapo bisibisi iliruka mpaka uani ikampata jogoo wa jirani.

"Basi! Nimeshindwa! Niandalieni jembe!"

Mwanajuma akaja na ungo wake mkononi, akachuchumaa, akatazama.

"Baba Tatu, mimi mtoto wa nani?"

"Sasa hilo nalo..."

"Mtoto wa nani?"

"Wa mzee Abasi. Mrina asali wa Sikonge."

"Nta huwa inabanduliwa ikiwa ya moto?" Hakusubiri jibu. "Ikiwa ya moto inakufuata kidole. Iache ipoe kabisa mpaka iwe na hasira, inakatika yenyewe."

Akavirudisha vishikio mitungini. Adhana ya Ijumaa ikalia, Twalibu akaenda akaswali, mwili msikitini na roho kwenye vitufe. Aliporudi, mkewe amekaa mkekani na sindano yake ya kufumia vitambaa, anachokoa. Nta inatoka vipande vipande, vikavu, kama magamba ya kitunguu. Vishikio vyote viwili ndani vyeupe.

"Sasa hivyo vijipira," akauliza, "kazi yake nini?"

"Ni kugusa tu. Ukibonyeza, ule weusi unagusa nyaya mbili, umeme unapita."

"Kwa hiyo kinatakiwa kitu laini, juu yake kitu cha kupitisha umeme."

"Ndiyo, lakini cha kutoka Japani, Mama Tatu, siyo..."

Mwanajuma alikuwa ameshatazama mlangoni. Ile pakiti ya sigara ya Raymundi. Ndani yake si kuna ile karatasi ya fedha inayometa? Akaiokota. Akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli iliyokuwa inafungia mlango wa banda la kuku. Kwa mkasi wa kushonea akakata viduara vidogo vya mpira, juu ya kila kimoja akabandika kiduara cha karatasi ya fedha kwa utomvu, sawasawa, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Waya zilizokatika akazisokota, akazizungushia uzi wa kufumia, fundo juu ya fundo.

Twalibu kazi yake ilikuwa kusema "hapana, kushoto," "hapo hapo," na "Bismillahi" kila kiduara kilipowekwa.

Wakajaribu. Yeye kijitu cha kulia, mkewe cha kushoto.

*Pip. Pip. Pip.* Cha kulia chali.

"Ngoja, Mama Tatu, nilikuwa bado sijaanza."

*Pip. Pip.* Chali tena.

"Kishikio changu kizito hiki. Tubadilishane."

Wakabadilishana. Chali mara ya tatu, na safari hii mama alikuwa anageuza mboga kwa mkono mmoja.

Saa nane juu ya alama, hodi. Wakaingia watu watatu. Mbele Ndugu Anselm, kitabu cha ushirika kwapani. Nyuma yake Raymundi, anatabasamu. Na wa tatu, wajukuu zangu, ni Ndugu Mayala wa mgambo, mwenye orodha ya lori.

"Mwadila, wenyeji!" akasalimu Mayala kwa sauti ya kwao Usukuma.

"Shikamoo mzee," akasema Ndugu Anselm. "Nimeambiwa kimeungua, nimekuja mapema. Nisamehe."

"Marahaba, ndugu katibu. Nani kakwambia kimeungua?"

Akakitoa mfukoni, kimevaa lile koti la ngozi ya mbuzi, alilolinyoosha kwa kulikalia. *Pip.*

Uso wa Raymundi ungeuona! Ndugu Anselm akaweka kitabu chini, akachuchumaa mwenyewe na suruali yake ya pasi, akashika kishikio, Mayala akashika cha pili. Wakapigana dakika kumi nzima. Vijitu vinatwangana, Mayala anauma ulimi, katibu anapinda bega kana kwamba ngumi ni za kweli.

"Kimepona," akasema Ndugu Anselm, akihema. "Mzee, kimepona! Tena vitufe vyepesi kuliko mwanzo." Akafungua kitabu. Akatoa kalamu.

"Kwanza tuone ndani," akasema Raymundi. "Ndiyo utaratibu, ndugu katibu. Kazi ya fundi inatazamwa ndani."

Kikafunguliwa. Raymundi akainama, akainuka amevimba mashavu.

"Sigara yangu! Jamani, ndani kuna sigara yangu! Na tyubu ya baiskeli! Haya ndiyo matengenezo?"

Mayala akacheka. Ndugu Anselm hakucheka. Alikisogeza kishikio machoni, akageuza huku, akageuza kule.

"Raymundi, wewe ulikuwa na vipuri vya chuo ukashindwa," akasema polepole. "Huu mkato ni safi sana."

"Ndiyo nasema! Mzee huyu mikono inamtetemeka, kila mtu anajua. Hakukata yeye. Mwambie akate kimoja, hapa hapa, tumwone."

Katibu akailaza kalamu juu ya kitabu.

"Ni haki," akasema Ndugu Anselm. "Mzee, samahani. Kata kimoja tu, nimalize kuandika."

Twalibu akachukua mkasi. Akachukua karatasi ya fedha. Hasira, njaa, saa tatu za kuhangaika, na sasa macho sita ya watu yamemkodolea vidole. Akakata. Kikatoka kama kwato ya mbuzi. Akakata kingine. Kikamganda kidoleni, akakipangusa, kikahamia kidole kingine, akakipuliza, kikaruka kikatua kwenye kiatu cha Raymundi.

"Wiki ijayo atamaliza," akasema Raymundi.

Cha tatu kikaanguka kwenye vumbi. Twalibu akaanza kukitafuta kwa magoti, jasho linamchuruzika puani, na Mayala ameshafungua orodha yake ya lori, anapekua.

Pazia la uani likafunuka. Mwanajuma hakuweza tena kuvumilia. Moyo ulimuuma kumwona mume wake anatambaa mbele ya viatu vya Raymundi.

"Lete hapa!" akasema. "Mnamsumbua mzee wa watu na vidude hivi. Lete!"

Akamnyang'anya mkasi. Krap, krap. Kiduara cha mpira. Krap. Kiduara cha fedha. Tone la utomvu, sindano ya kufumia ikakisukuma mahali pake, kishikio kikafungwa, *pip*. Hata mate ya mdomoni hayajakauka.

"Haya. Mmeona? Kinakatika au hakikatiki?"

Ndugu Anselm akakitazama kiduara, akamtazama mama.

"Jina lako kamili, mama?"

"Mwanajuma binti Abasi."

Twalibu kule chini akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mke wake anaandikwa shahidi. Kweli mwanamke huyu ni wa kushukuru. Akajipangusa magoti, akasimama, akavaa kofia yake vizuri ili apewe karatasi akiwa mtu.

Kalamu ikatembea. Muhuri ukalia, *pu*. Ndugu Anselm akachana karatasi, akasimama, akanyoosha mkono.

"Hongera sana, fundi. Umekuwa mwanachama wa ishirini, na kitabu kimejaa."

Twalibu akaunyoosha mkono wake kuupokea. Mkono wa katibu ukampita ubavuni, ukaenda kwa Mwanajuma.

Na kabla Twalibu hajaushusha wake, Ndugu Mayala akailamba penseli yake, akaiweka juu ya orodha ya lori.

"Mama ana kazi, nimeona. Na huyu mzee anayekaa hapa kwake," akauliza, "yeye anafanya kazi gani?"